Siku Serikali Ilipotaka Kuchoma Dawa Yake

Jumbe zenu nimezipata. Mama mmoja wa Bamburi ameniuliza nina roho ya namna gani, kumwacha muuguzi wa watu juu ya pipa, shimo la moto liko mbele yake, halafu mimi nikaenda zangu kula viazi vya karai. Mama, tulia. Sista Caroline hajaungua. Yuko pale pale tulipomwacha, juu ya pipa la buluu, viatu vyake vyeupe vinaning'inia, na askari aliyeshika fimbo yenye matambara ya kuwaka amesimama mbele yake hajui aanzie wapi.

"Sista, shuka," alisema askari.

"Sishuki."

"Nimeamriwa nichome."

"Basi choma. Ila uanze na mimi, halafu uandike kwenye ripoti yako kwamba Caroline Kafedha naye alikuwa opioidi."

Askari alitazama jukwaa, akatazama fimbo yake, akaanza kuomba moyoni izimike yenyewe.

Kwa mliojiunga leo, mambo ni haya, nami nitayasema mbio. Dawa mpya za kulevya za jamii ya opioidi, zile za kutengenezwa maabara, zimeingia Mombasa. Kidonge cha njano, kidogo kuliko punje ya mahindi, kinauzwa maskani, vile vijiwe vya mateja, huko Junda, na anayekimeza siku yake mbaya haamki tena. Serikali ikakasirika. Serikali ikikasirika huunda kamati. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kudhibiti Opioidi, ikatoka na amri kali: hakuna opioidi ya aina yoyote itakayoondoka bandarini bila muhuri wa kamati. Kamati yenyewe ina mwenyekiti, ina nembo, ina gari lenye kiyoyozi. Kitu ambacho haina ni wanakamati, kwa sababu bado wanagombaniwa huko Nairobi. Bila wanakamati hakuna kikao, na bila kikao hakuna muhuri.

Sasa methadoni nayo ni opioidi. Ndiyo dawa wanayopewa mateja walioamua kuacha unga wa heroini, kikombe kimoja kila asubuhi mbele ya macho ya muuguzi, ili wasirudi maskani. Wizara iliiagiza kwa ajili ya kliniki zetu. Ilipofika bandari ya Kipevu, ndani ya mapipa ya buluu, haikuwa na muhuri, ikakamatwa. Yaani serikali iliagiza dawa, serikali ikaikamata, na leo serikali imekodi mahema na viti vya plastiki ili ijipongeze ikiichoma.

Na miongoni mwa wanaokunywa kile kikombe kliniki ya Junda kuna mmoja anaitwa Gona. Ni mdogo wake Caroline, tumbo moja. Kliniki imekuwa ikigawa nusu kikombe, kisha robo, na leo asubuhi Caroline alifungua dirisha akawaambia watu hakuna kitu. Gona ana arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, tangu alfajiri, mifupa inamuuma mpaka meno. Maskani ya kidonge cha njano iko nyuma ya kliniki, maana wauzaji hawana kamati, wao walichagua mahali pazuri siku moja tu. Gona asipopata kikombe chake leo, atakwenda kule. Hilo ndilo lililompandisha muuguzi juu ya pipa, na mengine yote katika hadithi hii ni kelele.

Tuendelee.

Jukwaani alikaa Mwenyekiti Margret mwenyewe, suti ya rangi ya zabibu, miwani juu ya nywele. Alimwinamia mtu wa kando yake.

"Kamanda, huyo mwanamke yuko kwa programu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi mtoe kwa programu."

Kamanda Jacktone ndiye mkuu wa kikosi kilichoyakamata mapipa. Ni mtu wa kujaza mlango. Picha yake ilikuwa kwenye bango kubwa nyuma ya jukwaa, amekunja mikono, macho yanatisha. Aliinuka akashuka ngazi akiwa bado na kipaza sauti mkononi, kwa kuwa hotuba yake ilikatizwa katikati na hakuna aliyekumbuka kumpokonya.

Alipofika karibu, Caroline alimtazama kwa jicho la kazi. Pua ilikuwa inamtiririka. Alipiga mwayo, kabla haujaisha akapiga mwingine. Jua lilikuwa la kukaangia samaki, lakini vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama. Caroline alijiambia labda huyu ana malaria.

"Sista, mimi sitaki maneno na wewe," alisema Kamanda. "Shuka tumalize, watu waende nyumbani."

"Nimewaambia toka asubuhi hii ni dawa ya wizara. Mwanijibu niiandikie kamati."

"Ndiyo utaratibu."

"Kamati haina watu, Kamanda. Niliandika, barua ikapokewa na dereva." Caroline alilipiga pipa kofi. "Wewe mwenyewe ulifungua pipa hata moja?"

"Mashine ilisoma alama ya pipa kwa nje. Ikasema opioidi."

"Haikukosea. Mliiuliza ni ya nani?"

"Mashine haijibu hiyo swali."

"Ndiyo maana wakaajiri watu."

Vibarua waliokuwa kando ya mapipa waliguna. Gona alikuwa mmoja wao, amevaa jaketi la baridi katika jua lile. Ndiye aliyempigia dada yake simu. Aliletwa kushusha mapipa, na jasho la mikono yake likabandua kona ya stika ya kikosi, akaona chini yake nembo ya wizara na jina la dawa anayoijua kuliko jina la shangazi yake.

Kamanda alitaka kujibu. Upepo ukageuka, ukamletea vumbi la shimo na moshi wa dizeli usoni, naye akapaliwa. Alikohoa mpaka kofia ikaanguka. Alikohoa akiwa ameshika magoti, na kipaza sauti kikapeleka kila kikohozi mpaka hema la mwisho.

Caroline hakushuka kwenye pipa, ila kazi ni kazi. Alitia mkono mkobani akatoa chupa ya maji na kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa, ambacho hakosi kuwa nacho. Akamimina, akamnyooshea.

"Kunywa."

Hapa sina budi kuwasimamisha kidogo, mjue desturi moja ya kliniki za methadoni. Dawa hii ina bei mtaani. Kuna wajanja wanaoificha shavuni, wakifika nje wanaitema na kuiuza. Kwa hiyo muuguzi haridhiki kuona kikombe kitupu. Ukishakunywa, unafungua kinywa, unainua ulimi, unageuza uso huku na huku, kisha unasema kwa sauti, "Nimemeza, sista." Mwenye dawa shavuni hawezi kuyasema maneno hayo yakatoka sawa. Wanafanya hivyo kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwili unazoea. Kuna mwanamume wa Junda aliyefanya hivyo mbele ya mchungaji wakati wa meza ya Bwana, na mchungaji akamwambia amebarikiwa.

Kamanda Jacktone alikunywa. Aliinua kichwa, machozi ya kikohozi machoni, akaona sare nyeupe na kile kikombe kidogo. Akafungua kinywa. Akainua ulimi. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto, na kipaza sauti kikiwa chini ya kidevu chake akasema:

"Nimemeza, sista."

Wa kwanza kucheka alikuwa Gona, ambaye hakuwa amecheka wiki nzima, akacheka huku ameshika tumbo linalomuuma. Wakacheka na watu wa Junda waliosimama nyuma ya kamba. Jukwaani hakucheka mtu, kwa sababu hakuna aliyeelewa.

"Amesema nini huyo?" aliuliza Mwenyekiti Margret.

Kamanda alifunga kinywa, lakini alikuwa amechelewa. Hofu ilimshika kweli, nami simcheki kwa hilo. Amri ile ile ya kamati ilisema maofisa wote wa kikosi wapimwe mkojo Jumatatu, na atakayekutwa na opioidi afukuzwe kazi siku hiyo hiyo. Amri haikutaja kama ni opioidi ya maskani au ya daktari. Mashine ya mkojo ilinunuliwa duka moja na ile ya mapipa.

Caroline aliinama, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Wanywea wapi?"

"Likoni," alinong'ona Kamanda. "Nakaa Changamwe, lakini huku wananijua. Navuka feri kila alfajiri na kofia ya mtu wa tuktuk. Sista, tafadhali. Niko na watoto."

"Leo ulikunywa?"

"Walisema hakuna. Wiki hii yote ni kupunguza, kupunguza, leo wakafunga."

"Walikwambia kwa nini?"

"Eti mzigo umekwama Kipevu."

Caroline aliushika ule mkunjo wa stika aliouanza Gona, akaivuta yote. Kamanda akasoma. Alisoma mara ya pili akifuatisha kwa kidole. Akaangalia safu ya mapipa, akaangalia shimo, mwisho akaangalia bango lenye picha yake.

Yeye hakuwahi kuyasogelea mapipa haya. Makamanda hawafungui mapipa, wanapigwa picha nayo.

"Hapana," alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Hii ni yangu?"

"Yako, ya Gona, ya Likoni yote na Kisauni yote. Kikombe chako cha kesho nimekikalia hapa, na mwenye kuleta kiberiti ni wewe."

Kabla hajajibu, Mwenyekiti Margret alikuwa amefika. Visigino vya viatu vilikuwa vinazama kwenye changarawe na kila hatua ilimwongezea hasira. Wapiga picha walikuwa nyuma yake.

"Sista, umempatia ofisa wangu nini? Na kwa nini amefungua mdomo hivyo?"

Wasomaji wangu, hebu simameni alipo Caroline. Sentensi moja tu ilitosha. Angesema huyu kamanda wenu ni mgonjwa wetu, anakunywa hicho hicho anachotaka kukichoma, kamera zote zingemgeukia Kamanda na sherehe ingekufa pale pale. Mapipa yangepona. Gona alikuwa anamwangalia dada yake, ameacha kucheka, meno yanagongana. Maneno yalikuwa yamefika ulimini. Mimi ningesema. Ningesema hata kabla sijaulizwa.

Caroline alifikiria lile dirisha lake. Kila anayesimama pale anasimama kwa sababu anajua alichokiona sista hakitoki nje. Akimuuza huyu leo kwa sababu ana sare, kesho nani atakuja? Ilimuuma, lakini akajibu.

"Nimempa maji, Mheshimiwa. Amepaliwa na vumbi. Nikamtaka afungue kinywa nimtazame koo."

"Na hiyo 'nimemeza'?"

"Si amemeza? Mgonjwa mwenye adabu humwambia muuguzi."

Mwenyekiti Margret alimkazia macho, kisha akatazama saa yake.

"Mimi niko na ndege. Kamanda, mshushe huyu kwa nguvu, muwashe moto. Siendi mpaka nione chupa ya mwisho imeisha."

Likamateni hilo neno, nitalihitaji baadaye.

Kamanda Jacktone aliokota kofia yake, akaipangusa, akaivaa. Alimtazama Caroline, mwanamke aliyekuwa amemwekea yeye kisu shingoni, kisha akakirudisha mfukoni. Kisha akapiga saluti.

"Mheshimiwa, kuna jambo la kisera."

Hakuna kitu kinachomsimamisha mkubwa haraka kama neno hilo.

"Sera gani?"

"Moshi, Mheshimiwa. Opioidi ikiungua, moshi wake una opioidi. Ukiuvuta leo, Jumatatu mkojo utasema."

"Mkojo wa nani?"

"Wa kila ofisa aliyehudhuria. Kifungu kinasema kuanzia mwenyekiti kushuka chini."

"Hicho kifungu aliandika nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Mwenyekiti Margret aliinua kidole kupima upepo. Upepo ulikuwa unaelekea jukwaani. Akaziba pua kwa leso, akaingia garini, na kioo kikapanda. Nyuma yake maofisa walikimbilia magari yao, wengine wameshika sahani za pilau. Hema lilikuwa tupu kabla ya kwaya kujua kwamba imebaki peke yake. Waandishi wa habari wakasogezwa mpaka nje ya ua, barabarani, kwa ajili ya usalama wao.

Kioo cha gari la mwenyekiti kilishuka kidogo.

"Nitapiga simu," alisema. "Na nikiwa uwanja wa ndege nataka kuuona huo moshi."

Gari likaondoka. Caroline ndiye aliyeshuka sasa, miguu imekufa ganzi. Kamanda alimpa mkono.

"Kitu lazima kiungue," alisema Kamanda. "Hao wenye kamera hawataondoka bila moshi."

Gona ndiye aliyeyaona yale makatoni nyuma ya jukwaa. Yalikuwa yamejaa vitabu vya Mkakati wa Taifa wa Kudhibiti Opioidi, karatasi ya kung'aa, picha ya mwenyekiti ukurasa wa mbele na ukurasa wa mwisho. Vililetwa kugawiwa wananchi, na wananchi walichukua soda. Kamanda aliangalia makatoni, akaangalia shimo, akamwashiria yule askari wa fimbo.

Mkakati uliwaka vizuri mno. Ulitoa moshi mweusi mnene uliopanda mpaka Miritini wakauona, na wapiga picha kule barabarani wakafurahi. Tangu uandikwe, hiyo ndiyo kazi ya kwanza mkakati ule kuifanya.

Nyuma ya pazia hilo la moshi, vibarua walipakia mapipa kwenye lori la kikosi, wakayafunika kwa turubai. Askari hawakuuliza, maana Kamanda aliwaambia ni kielelezo kinahamishwa, na kielelezo kuhamishwa ni jambo la kila siku. Wakapita Makupa, wakavuka daraja la Nyali kwa king'ora. Dawa iliyokamatwa kwa king'ora ilirudi kwa king'ora, na Kamanda mwenyewe alikuwa anamhimiza dereva, kwa sababu mifupa ilikuwa imeanza kumuuma yeye pia.

Gona alipanda nyuma na mapipa. Caroline alikaa pamoja naye, ingawa mbele kulikuwa na nafasi.

"Dada, baridi," alisema Gona.

"Karibu twafika. Na tukifika waniita nani?"

"Sista."

"Dirishani mimi si dada yako. Nikikupendelea wewe, wenzio watanionaje?"

"Sawa, sista." Akamwegemea begani. "Lakini hapa si dirishani."

Caroline alimwacha aegemee. Tangu Gona alipoanza kikombe, ameongeza mwili, amepata vibarua, amelipa kuezekwa kwa jikoni ya mama yao. Mama amerudi kumpa funguo za nyumba. Kuna watu hupewa vyeti wakisherehekewa, Gona alipewa funguo, na alilia siku hiyo. Caroline alikuwa anayafikiria hayo wakati lori linakunja kuingia Junda.

Watu walikuwa wamekwisha kujipanga. Sijui habari inasafiri kwa njia gani mitaa hii, lakini ilifika kabla ya king'ora. Walipanga mstari kutoka dirishani mpaka langoni, wengine wamechuchumaa, wengine wamejikunyata. Kamanda Jacktone alivua koti la sare, akavaa kofia ya mtu wa tuktuk, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Wakamtazama. Waliokuwa kule uwanjani wakakumbuka sauti ya kipaza sauti. Mama mmoja akasogea, akamwambia, "Pita mbele kaka, umetubebea." Akapita, hakuna aliyemuuliza zaidi, na ndani ya kliniki alikata mwenyewe utepe uliofunga pipa la kwanza.

Chupa za kahawia zilikuwa zimepangwa kwa safu, vifuniko vizima. Caroline alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu wiki jana.

Wa kwanza ni Gona, wenzake wenyewe walimsukuma mbele kwa kuwa ndiye aliyeyagundua mapipa. Alimpimia kidogo, maana mwili uliokosa haurudishiwi vyote kwa mara moja. Akamnyooshea kikombe dirishani bila kumchekea, kama anavyowafanyia wote. Kamanda alikuwa pembeni, macho yake hayatoki kwenye chupa.

Gona alikunywa. Akafungua kinywa. Akainua ulimi, akageuza uso huku na huku. Caroline alingoja maneno, mkono tayari kupokea kikombe.

Maneno hayakuja. Gona alifunga kinywa polepole.

"Sema," alisema Caroline.

"Dada."

"Sista."

"Dada, haina uchungu. Haya ni maji."

Caroline alichovya kidole kwenye ile chupa akakilamba. Akafungua chupa ya pili. Akafungua pipa jingine, akatoa chupa ya chini kabisa, akaionja, akampa Kamanda. Watu waliokunywa methadoni wanaujua uchungu wake, unakaa ulimini mpaka saa ya uji. Kamanda alionja, akatikisa kichwa.

"Maji," alisema. "Yote maji."

Simu yake ikalia. Jina lililokuwa kwenye kioo lilikuwa la Mwenyekiti Margret. Aliiweka mezani na kubonyeza spika, Caroline naye asikie.

"Kamanda, hongera. Nimeuona moshi kutoka hapa. Yameungua yote?"

"Yote, Mheshimiwa."

"Mpaka chupa ya mwisho?"

Kamanda alimtazama Caroline, Caroline akamtazama Kamanda. Mapipa yalikamatwa yakiwa na utepe, na utepe umekatwa sasa hivi. Ripoti ya kikosi ilisema mapipa yenye kimiminika, basi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwenyekiti kwamba ndani kuna chupa; angejua hivyo aliyezigusa kabla ya utepe.

"Mpaka ya mwisho," alisema Kamanda.

Wakamsikia akishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mungu ni mwema," alisema Mwenyekiti Margret. "Leo nitalala." Na simu ikakatika.

Kamanda alivuta kiti akakaa. "Alitaka tuchome maji," alisema. "Ndiyo maana alikuwa na haraka, na ile leso ilikuwa maigizo tu. Yakiungua, nani atauliza dawa ilikwenda wapi?"

"Yuko nayo," alisema Caroline. Hasira ilimpanda, na pamoja na hasira tumaini dogo, maana kitu kilichoibwa kipo mahali, hakijaungua. "Kamanda, dawa ipo. Tutaipata. Gona, wasikia? Dawa ipo."

Aligeuka dirishani. Aliyekuwa amesimama pale sasa ni yule mama wa mstarini, naye alikuwa anatazama upande.

Kikombe cha Gona kilikuwa juu ya kizingiti, amekipindua vizuri kama anavyokipindua kila siku akimaliza. Kando yake alikuwa ameacha funguo za nyumba ya mama. Mlango wa uani, ule wa kuelekea maskani, ulikuwa wazi.